Mpishi Asiyejua Kusema Njaa

Dada yangu ana ugonjwa mmoja, na nausema wazi kwa kuwa kijiji kizima kinaujua. Hawezi kumwona mgeni akapita bila kula. Awe muuza mitumba, awe fundi wa pampu ya kisima, awe mtu aliyepotea anayeuliza tu barabara kuu iko wapi, Dada atamvutia kigoda, atamnawisha mikono, na mtu huyo hataonyeshwa barabara mpaka ashibe.

Yeye ni mpishi wa shule yetu ya msingi. Watu wanamwita Mama Mwiko, kwa sababu ya mwiko wake ambao ukisimamishwa unampita urefu mtoto wa darasa la kwanza. Jiko lake ni banda la mabati nyuma ya madarasa: mafiga matatu makubwa, ukuta mweusi kwa masizi, na sufuria moja ambayo watu wazima wawili wanaibeba huku wakihema. Mtoto aliyetoka nyumbani bila kula, Dada anamtambua kwa jinsi anavyoshika kikombe, na huyo humchotea kutoka chini, kwenye uzito. Uji wake hauna mabonge wala hauungui, na ukimsifia anakwambia kuni ndizo zilikuwa nzuri.

Mimi ni mdogo wake. Nashona nguo, cherehani yangu iko barazani, na nyumba zetu zinatazamana, uwanja ni mmoja. Wanasema nina mdomo. Sikatai. Katika familia yetu ilibidi angalau mmoja awe nao.

Huo ugonjwa wa Dada ni wa kurithi. Mama yetu, siku ambazo nyumbani hapakuwa na kitu, alikuwa akiinjika maji matupu na kuyachochea, ili majirani waone moshi. Sisi tumekaa kando ya moto tunayatazama maji yakichemka, na mtu akibisha hodi Mama anafuta jasho na kusema, "Karibu, ndiyo kwanza napika." Tulikuwa tunakufa na tai shingoni kabla hata hatujajua tai ni kitu gani. Mimi nilikua nikauchukia ule moshi. Dada alikua akaona ndiyo heshima yenyewe.

Sasa, mwaka ninaousimulia mvua ilitudanganya. Ilinyesha vizuri mwanzoni, tukapanda, ikakatika. Mahindi yalifika magotini yakakauka yamesimama, ukipita shambani yanapiga kelele kama karatasi. Uji wa shule hutokana na mahindi wanayochanga wazazi baada ya kuvuna, na mwaka huo hakuna aliyevuna cha kuchanga. Stoo ya shule ilibaki na magunia matupu yaliyokunjwa vizuri. Panya wenyewe walihama.

Dada akaigeuza sufuria kifudifudi juu ya mafiga. Lakini watoto waliendelea kuja na vikombe vyao, vimening'inia kwenye mikoba, vinagongana njia nzima. Wakati wa mapumziko walikuwa wanakwenda kusimama karibu na jiko, hawaombi kitu, wamesimama tu. Dada alinihadithia hilo huku akitazama pembeni. Mwalimu mkuu naye akasema darasani wanalaza vichwa juu ya madawati, akiuliza swali anajibiwa na walewale wawili wenye baba mwenye duka.

Mwalimu mkuu hakukaa kimya, hilo namsifu. Alipeleka ombi wilayani, kisha akatuita wazazi. "Hatuombi fadhila," akatuambia. "Chakula ni haki ya mtoto, sheria inasema hivyo. Kijiji kikipungukiwa, serikali inaleta. Ila kwanza watakuja kuangalia hali."

"Haki gani hiyo ya kuja kuangaliwa kwanza?" nikauliza. Watu wakacheka. Mimi sikuwa nachekesha.

"Utaratibu," akasema Mwalimu mkuu.

"Basi waje. Jiko si lile pale? Wafunue sufuria waone."

Niligeuka kumtazama Dada, nikaona amenyamaza, anakunja pindo la kanga yake. Dada akinyamaza namna ile ujue kuna jambo anapika.

Na kweli alikuwa anapika. Kesho yake alizunguka nyumba kwa nyumba. Hakusema mengi: wageni wakubwa wanakuja shuleni kwa ajili ya watoto wetu, tutawakalisha na maji peke yake? Na hao watu, ambao walikuwa wanachemsha majani na kuyaita mboga, wakatoa. Mmoja alileta unga kwenye kibakuli, ameufunika kwa kitambaa ili isionekane umebaki kiasi gani. Mwingine akaleta maharage aliyoyaweka kwa ajili ya mbegu. Bibi Kuku, kikongwe wa nyumba ya mwisho, alikuwa amebakiwa na tetea mmoja tu kati ya kuku waliompa jina, tena anataga. Akamleta kwapani, anamsemesha njia nzima.

"Dada, una akili kweli?" nikamuuliza pale jikoni. "Hawa wanakuja kuona njaa. Wewe unawapikia kuku?"

"Watu wametoka mbali, mdogo wangu. Barabara mbaya."

"Waache waikute njaa ikiwa imekaa. Waisalimie."

"Hebu niletee mafuta."

Nilimletea mafuta. Ndiyo, nilileta. Nikakigeuza kichupa changu juu ya kikaango nikakishikilia mpaka tone la mwisho likadondoka, huku nimenuna. Ukishamwona Dada amefunga kanga kiunoni, ubishi wote unakuishia.

Wageni walikuwa wawili: afisa wa wilaya, mwanamume mnene mcheshi, na binti wa miwani aliyekuwa akiuliza maswali. Walipewa viti vya ofisini kivulini. Watoto walikuwa wanasogea kufuata harufu, basi mwalimu mmoja akaamriwa awafungie darasani waimbe. Wakaimba nyimbo za kukaribisha wageni. Walimwimbia yule kuku mwanzo mpaka mwisho, na walipofunguliwa waligawana ukoko.

Mimi nilikuwa nanawisha mikono. Nilisimama na birika mlangoni pa jiko, kwa hiyo hili sikuhadithiwa. Binti wa miwani aliinuka akaingia jikoni, akaitazama sufuria, akamtazama Dada. Nadhani alishuku. Akauliza kwa sauti ya chini, kwa adabu kabisa, "Mama, huwa mnakula hivi? Kila siku?"

Mlango ulikuwa wazi. Ilikuwa ni kusema neno moja. Nikamkodolea macho Dada mpaka yakaniuma.

"Tunashukuru," akasema Dada. "Riziki haikosi. Ongeza mchuzi, mwanangu, mbona umekula kidogo?"

Afisa akaja kunawa, macho yangu bado yako kwa Dada. Nikammwagia maji kwenye viatu, na Dada akaniombea radhi.

Majibu yalikuja haraka. Mwalimu mkuu alipiga simu wilayani, afisa akamjibu mwenyewe, kwa uchangamfu. "Nyinyi hamko vibaya, mwalimu. Tumeona wenyewe, tena tumeshiba. Kuna wenzenu huko juu wana hali ngumu zaidi." Kisha lori likapita. Lilipita katikati ya kijiji chetu, kwenye barabara hii hii ninayoitazama nikishona, limejaa magunia, halikupunguza hata mwendo. Watoto walidhani linakata kona kuelekea shuleni wakalikimbilia. Walirudi na vumbi kichwani.

Siku hiyo nilimwendea Dada nyumbani kwake nikiwa nimejaa. "Umeliona lori?"

"Nimeliona."

"Lile lilikuwa letu. Tumelila. Tumelila siku moja na kuku wa Bibi Kuku, na waliokula si sisi, ni hao wageni."

"Ulitaka nimwambie mtoto wa watu kwamba nina njaa, hata maji hajanywa?"

"Ndiyo. Nilitaka umwambie hivyo hivyo."

"Sikulelewa hivyo."

"Tumelelewa nyumba moja, Dada. Mimi yale maji matupu niliyaona yakichemka kama wewe. Hayakuwahi kunishibisha, wala moshi wake."

Nilitegemea anifokee, nikawa nimeandaa maneno mengine makali zaidi. Badala yake akasema neno dogo ambalo halijanitoka. "Lile neno siliwezi. Nilitaka kulisema. Lilifika hapa likakwama," akashika koo.

Hasira yangu haikuisha, ila ilikosa pa kukaa. Utamgombeza vipi mtu kama huyo?

Wiki zilizofuata zilikuwa ngumu. Mtoto mmoja wa jirani aliyekuwa akishinda mtihani kila muhula aliacha shule, akaenda na mama yake kuponda kokoto. Familia moja ilifunga mlango kwa waya ikahama. Mwalimu mkuu alienda wilayani akarudishwa, akaenda tena akaambiwa anayehusika yuko semina. Semina yenyewe, nikasikia baadaye, ilihusu lishe. Nilicheka mpaka nikakata uzi wa cherehani, na sikuwa na furaha yoyote.

Mwishowe walikubali kurudi. Safari hii nilimkalia Dada kooni. Hakuna kuzunguka nyumba kwa nyumba, hakuna kuwasha moto. Nilimtisha kwamba nikiona moshi nitauzima kwa ndoo mbele ya wageni, na ananijua. Akakubali. Lakini alifagia jiko lile mpaka sakafu ikawa kama imelambwa, akasugua sufuria kwa mchanga ikang'aa, akakaa kwenye kigoda na mikono mapajani. Sijawahi kuona mikono inayohangaika kiasi kile. Mara ishike kanga, mara ifute vumbi lisilokuwepo. Wageni walipofika aliwapa maji.

Afisa akachungulia stoo. Akachungulia sufuria. Akatabasamu, ile tabasamu ya mtu asiyedanganyika. "Mama, mara ile mlitupikia kuku. Leo hata chumvi hamna? Mmekificha wapi chakula?"

Niliona nyota. Nilishafungua mdomo, na ningesema maneno ambayo yangetupeleka kituoni sote, lakini Dada akaninyooshea kiganja bila kunitazama. Akasimama.

"Yule kuku alikuwa wa bibi mmoja huko mwisho," akasema. Alikuwa anaongea polepole, kama mtu anayevuka maji asiyoyajua kina. "Unga ulikuwa wa nyumba hizi zote. Twende mkaulize wenyewe."

Tukaenda. Dada mbele, afisa na binti wa miwani katikati, mimi nyuma kuhakikisha hakuna anayegeuka. Na hapo ndipo nilipoona kwamba ugonjwa si wa Dada peke yake. Nyumba ya kwanza, mwenye nyumba kuona wageni tu, akaanza kutafuta kuni. Ya pili, mama akanong'oneza kama tunaweza kusubiri akakope yai. Dada alikuwa anawazuia mmoja mmoja. Yeye, Mama Mwiko, anawazuia watu wasimkirimu mgeni. Kila alipowazuia aliinama kidogo, kama mtu anayejitwisha mzigo.

Tulipofika kwa Bibi Kuku, kikongwe alikuwa amekaa mlangoni. Akajivuta kuinuka. "Karibuni, karibuni wajukuu. Ngojeni niwashe moto."

"Bibi, usiwashe," akasema Dada.

"Wageni hawa, jamani."

"Najua. Usiwashe. Wamekuja kuona kama una cha kuinjika."

Bibi akamtazama. "Wamekuja kuona aibu yangu?"

"Ndiyo, bibi. Wanataka kuiona. Wasipoiona hawaamini."

Basi Bibi Kuku akafunua chungu chake. Kulikuwa na majani yaliyochemshwa jana, hayana mafuta wala chumvi, yamegeuka rangi. Na kwa kuwa alishafunua na wageni wako mbele yake, akafanya kile alichofundishwa. "Basi karibuni hicho hicho," akasema, akaanza kutafuta sahani.

Afisa akawa anatazama paa. Binti wa miwani alichukua kifuniko, akakirudisha taratibu juu ya chungu, akavua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Hakuuliza swali tena siku ile. Banda la kuku lilikuwa pale nje, mlango wazi, ndani buibui wamefuma.

Nilidhani Dada atanigeukia tukirudi, anilaumu kwa kumwaibisha bibi wa watu. Badala yake, alipofika kwake alifunga mlango na hakutoka mpaka kesho yake. Mimi nikakaa kwenye cherehani nikashona mshono ule ule mara mbili, nimechukia: namchukia afisa, naichukia mvua, nauchukia huo utaratibu unaomtaka kikongwe afunue chungu chake ndipo mtoto apate uji.

Chakula kikaja. Sitadanganya, kilikuja. Kilichelewa, na magunia yalikuwa machache kuliko tulivyoambiwa, lakini lori lilikata kona safari hii, na watoto waliokuwa wanalifuata mbio wakafika nalo mpaka stooni. Afisa alikuja nalo, pamoja na kijana wa kamera, kwa sababu jambo jema lazima lipigwe picha. Binti wa miwani hakuwepo. Walisema amehamishwa.

Dada aliwasha moto. Nilikuwa nimesahau jinsi anavyopendeza akiwa kazini, mwiko mkononi, jasho usoni, anaukoroga uji kwa mwili mzima. Watoto walipanga mstari uliozunguka jengo la darasa la pili. Viti vilishawekwa kivulini. Na Dada, nilikuwa namwangalia, alichukua bakuli safi, akachota uji wa kwanza kabisa wa siku hiyo, wenye uzito, akaweka kijiko, akaupeleka kwa afisa kwa mikono miwili.

Nilisikia uchungu mpaka mdomoni. Baada ya yote yale. Watoto wa mbele kwenye mstari waliufuata mvuke wa lile bakuli kwa macho, likawapita.

"Asante sana, Mama Mwiko," akasema afisa, akilipokea na kumgeukia kijana wa kamera. "Mmeona? Tulisema tutaleta, tumeleta."

"Mmeleta," akasema Dada. "Tunashukuru. Haya yakiisha, mengine yanakuja lini?"

"Haya yakiisha mtaomba upya. Tutakuja kukagua tena."

"Kukagua nini?"

"Hali, mama. Kama ile mara ya pili. Tukikuta hamna kitu, tunaleta."

Dada alisimama akiifikiria hiyo. "Kwa hiyo watoto lazima wakae na njaa kwanza," akasema. Alilisema. Neno njaa, mbele ya mgeni, kwa sauti yake ya kawaida, kama anayetaja chumvi. "Tukae na njaa, tufunue vyungu, ndiyo muamini."

Afisa akacheka kidogo, akakoroga uji upoe. "Sasa mama, mimi nifanyeje? Huo ndio utaratibu. Nikikuta mnakula vizuri, nitaandika nini?"

"Kweli," akasema Dada. "Hebu nipe hilo bakuli."

Afisa hakuelewa. Alidhani anaongezewa, akalinyoosha mwenyewe. Dada akalipokea kwa mikono miwili, kwa heshima ile ile aliyompelekea nayo. "Samahani, baba," akasema. "Mara ya kwanza mlikula hapa, mkaandika tumeshiba. Sitaki nikuharibie hesabu tena."

Akarudi kwenye mstari, akaumimina ule uji kwenye kikombe cha mtoto wa kwanza, akalikomba bakuli kwa kidole hadi ukaisha. Kijana wa kamera alikuwa ameishusha. Mwalimu mkuu alikuwa anatazama viatu vyake. Na afisa alibaki amekaa pale kivulini, kijiko mkononi, akisubiri mtu amwambie akiweke wapi.